Karafuu Mdomoni mwa Katibu

Katibu alikuwa mwongo wa baiskeli. Ukimpelekea leo tairi lililopasuka akakwambia upitie kesho baada ya Alasiri, jipangie kabisa safari zako za miguu kwa wiki nzima. Kesho hiyo utaikuta baiskeli yako imepinduliwa magurudumu juu, vilevile ulivyoiacha, na yeye amekaa kando yake anabishana na redio. "Mwongo nkubwa huyu," atakwambia, akimaanisha msomaji wa habari, wala hataona haya. Ukimuuliza baiskeli vipi, atakuuliza mama hajambo. Ukimjibu hajambo, atakuuliza mihogo mmeshaipanda. Mpaka ukumbuke kilichokuleta, umeshamshikia pampu na kujaza upepo tairi la mtu mwingine.

Nimeanza na ubaya wake makusudi. Tangu afariki watu wamemgeuza walii, na wanaomgeuza walii ndio haohao tuliomfukuza. Nami nimo. Kwa hiyo sina ruhusa ya kumpamba.

Nilimwita Katibu kwa sababu kijiji kizima cha Ole kilimwita hivyo, hata wajukuu zake. Alikuwa katibu wa tawi la chama chetu. Chama gani, sitakitaja. Anayekijua anakijua, na asiyekijua hatapungukiwa na kitu. Kilishindwa uchaguzi mkuu, hilo ndilo la kujua, na baada ya kushindwa kila mtu alikuwa na rai yake ya namna ya kukiinua. Wengi walizisema rai zao kwa sauti kubwa. Katibu aliisema yake mara moja tu, kikaoni, na mwenye kalamu siku ile nilikuwa mimi.

Kalamu hiyo alinipa yeye mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, sina kazi, nimekaa nyumbani nasuka mikeka na kununa. Akaja kwa baba, akaomba aone mwandiko wangu. Baba akadhani anatafutiwa mtoto wake barua ya posa. Kumbe Katibu wa chama alikuwa haandiki. Yaani aliandika, lakini herufi zake zilikwenda upogo mpaka mwenyewe akizisoma kesho yake hazijui. Miaka yote taarifa za tawi alikuwa akizituma wilayani kwa kichwa, anapanda baiskeli mpaka huko, anazisema zote, anarudi.

Akaniita Mwandishi tangu siku ile. Alinifunza jambo moja, na alilirudia kila kikao kabla ya dua ya kufungua. "Andika alosema ntu. Usiandike ulotaka aseme." Mtu akitukana, niandike katukana. Akilia, niandike kalia. Mara moja niliandika kwamba wajumbe walimshukuru mgeni kwa hotuba yake nzuri, akanifutisha. "N'nani alonshukuru? Weye ulinshukuru? Mie nlikuwa nasinzia."

Lakini kama alikuwa hajui kuandika, kusoma watu alijua, na aliwasoma kwa baiskeli. Ole ni bara, katikati ya kisiwa, hatuna bahari ya kujivunia. Tuna mikarafuu, mihogo na njia za udongo mwekundu, na mtu asiyekwenda kwa miguu anakwenda kwa baiskeli. Karibu zote zilipita mikononi mwake. Aliona mnyororo uliokauka akajua mwenyewe hajatoka nyumbani mwezi mzima, akaenda kumtazama. Aliona kiti cha nyuma kimefungwa mto akajua kuna mja mzito anayepelekwa kliniki.

Na alijua nani amehama chama. Watu wetu wakihama hawatangazi. Wanaona haya. Wanaendelea kuitikia salamu, wanaendelea kuja mkutanoni na kukaa nyuma. Ila baiskeli wanaanza kuipeleka kwa fundi mwengine. Miezi mingi kabla ya kura, siku moja nimekaa pale kibandani kwake, akanyoosha mkono akanionesha ukuta anaoegeshea baiskeli. Ulikuwa mtupu. "Mwandishi, tushashindwa," akasema. Nilicheka. Nilimwambia labda wamechoka kungoja kesho zako. Akacheka na yeye, lakini siku mbili tatu hakubishana na redio.

Nisimfanye mpole. Alikuwa na kisirani cha kutisha. Jirani yake mmoja mbuzi wake aliingia akala mihogo ya Katibu, basi miaka minne Katibu alikuwa akitoa salamu msikitini upande mmoja kwa furaha, na upande wa jirani kwa midomo tu. Alipokuwa kijana, vyama vingi vilipoanza, ndiye aliyekuwa moto wa vijana wa chama pale kwetu. Wakati huo, wanaotuzidi umri wanaukumbuka, mtu wa chama chetu hakununua chumvi kwa mtu wa chama kile. Harusi tulisusiana. Misikiti iligawika. Na tukafika mahali pa kususiana maziko.

Dada yake aliolewa na mtu wa chama kile. Huyo shemeji alifariki ghafla, asubuhi, na Katibu ndiye aliyepita barza kwa barza kuwaambia watu wetu wasiende. Wakamtii. Kwetu jeneza halibebwi na watu wanne kutoka mlangoni mpaka kaburini. Linapokewa. Kila mwanamume anataka alishike hatua mbili tatu apate thawabu yake, linakwenda juu ya mikono mbio mbio, wabebaji wenyewe hawalioni zito. La shemeji yake lilikuwa na watu wanne, na wa tano mzee. Katibu alisimama barazani amekunja mikono akalitazama linavyopita. Lilipofika kwenye njia panda waliokuwa wamelibeba wakashindwa. Wakalitua chini, mchangani, wakapumzika, wakafuta jasho, kisha wakalinyanyua tena.

Alinisimulia hilo mara moja tu, akiwa amepakata gurudumu mapajani na hanitazami. "Nliona jeneza la ntu limetuliwa njiani, Mwandishi. Na mie nilikuwa na mikono yangu miwili."

Dada yake hakusema naye tena. Nyumba zao zinaonana, katikati ni shamba la mihogo tu. Baiskeli za watoto wa dada alizitengeneza bure, na hizo, amini usiamini, alizimaliza siku hiyohiyo. Lakini mlango wa dada hakuwahi kuubisha hodi. Mtu aliyeweza kwenda Msuka kwa baiskeli, mwisho wa kisiwa, kuwapatanisha wanachama wawili waliogombana kwa ajili ya kamba ya bendera, alishindwa kuvuka shamba la mihogo.

Sasa nije kwenye kushindwa. Matokeo tuliyasikia kwenye redio yake, tumejaa kibandani wengine tumekalia matairi mabovu. Sitaingia katika ubishi wa kura. Wapo waliosema mengi na wanaendelea kuyasema. Mimi nilitupa leso yangu chini nikalia kwa sauti, mtu mzima, mama wa watoto watatu. Katibu aliizima redio, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akiizima bila kuitukana kwanza. Akasema, "Haya, nendeni mukale."

Wiki ileile wilayani wakaitisha mkutano wa tathmini. Kila tawi lilete sababu za kushindwa. Mwenyekiti wetu, kijana msomi mwenye simu mbili, alitaka tuketi tuandike sababu. Katibu akasema sababu haziko ndani ya ofisi ya tawi, ziko majumbani kwa walioondoka. Akanichukua mimi na daftari langu la vikao, tukatoka, yeye anasukuma baiskeli na mimi namfuata.

Alikuwa na swali moja tu. Anabisha hodi, anakaribishwa, anaulizwa hali, kisha anauliza, "Siye tumekukosea n'ni?" Halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda maisha yake yote, kwa hiyo alikuja na dawa yake. Kabla ya kuingia kila nyumba alitia karafuu mdomoni, punje moja kavu, akaibana kwa meno. Mtu akisema neno la kumuudhi na Katibu akataka kujibu, anaiuma. Ilikuwa ikisikika. Na karafuu ukiiuma sana ulimi unakufa ganzi, hata ukitaka kujibu hujui utatoa sauti gani. Nyumba ya tano au ya sita tukitoka alikuwa akizungumza kama mtu aliyeng'olewa jino.

Nyumba ya kwanza, bibi mmoja alituambia tunaonekana kwake miezi miwili kila miaka mitano. Akauma karafuu. Nyingine wakatuambia tulileta mgombea asiyejua Ole iko upande gani wa kisiwa. Karafuu. Mzee mmoja akasema, "Mie sijahama, yakhe. Nshachoka tu. Mutachoka na nyiye." Huyo, Katibu alimshika mkono akakaa naye muda mrefu, karafuu ameitoa.

Kisha tukaenda kwa mwenye duka. Alikuwa mwanachama wetu tangu baba yake, na siku ya mkutano wa mwisho wa kampeni alionekana amevaa fulana ya wenzetu wa chama kile. Hilo lilituuma kuliko mengine yote. Alituletea viti nje, hakutuingiza ndani. Katibu akauliza swali lake.

Mwenye duka alisema, "Siku alipofariki ntoto wangu, mulipita."

Nikafungua daftari.

"Asubuhi ile, kabla hajakoshwa. Mulipita na gari la matangazo hapa mlangoni, munaimba, muziki juu. Nkatoka kuwaashiria munyamaze, mukanipungia mikono. Mie nina maiti ndani, nyiye munanipungia. Sawa, hamkujua. Nkasema watarudi wakijua. Tukazika. Kesho mukawa na mkutano Wete. Kesho kutwa mukawa na mkutano Chake. Wenzenu walikuja. Walikuja ntu mmoja mmoja, wakakaa hapa ulipokaa weye."

Mimi nilikuwa juu ya gari lile. Nilikuwa mbele, nimeshika kipaza sauti, na nakumbuka vizuri nilimwona mtu kwenye mlango ananyanyua mikono, nikafurahi nikidhani anatushangilia. Habari ya mtoto tuliipata magharibi tuliporudi. Tulisema tutakwenda kesho. Ile kesho yetu ilikuwa kama kesho za baiskeli za Katibu.

Niliandika alichosema, neno kwa neno. Katibu aliuma karafuu yake mpaka ikavunjika, akatema vipande kiganjani, akasema, "Tumekosa." Hakusema zaidi. Njiani kurudi nilimwuliza, kwa uchungu wangu tu, maana nilitaka na yeye aumie kidogo: "Na kwa dada'ako tutakwenda lini?" Akatia karafuu nyingine mdomoni.

Aibu ikinizidi mimi hugeuka hasira. Sijui wengine wako vipi. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikimwona mwenye duka nyuma ya kaunta yake najisikia nimevuliwa nguo, na badala ya kumwendea nikaanza kumchukia. Kwa nini hakuja kutuambia? Kwa nini fulana? Kwa hiyo tawi lilipokaa na Mwenyekiti akasema lazima tuwatambue wasaliti, nilikuwa wa kwanza kutaja jina lake. Walishaanza kuwatoa watu kwenye kundi la simu. Sasa wakataka adhabu yenyewe, ya zamani, ambayo vijana wale walikuwa wameisikia kwa baba zao tu na wakaiona ni ushujaa. Wasusiwe. Dukani kwao tusiende, shughuli zao tusiende, maziko yao tusiende.

Katibu alisimama. Hakuwa na karafuu siku ile. Alizungumza, na mimi ninakumbuka kila neno, na hilo ndilo janga langu. Azimio la kususa likapita vilevile.

Haukupita muda, mama wa mwenye duka akafariki. Alikuwa kikongwe, alitufunza sisi wote kusuka ukili wa mikeka. Nilikaa nyumbani kwangu nikasikia wanawake wanapita kwenda msibani, na kila kikundi kikipita nilijificha nyuma ya mlango. Katibu alipita barabarani mchana kweupe, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, jembe begani. Alichimba kaburi. Alishika jeneza, wanasema, hakuliachia mpaka mwisho, watu wanataka kumpokea anakataa, mpaka mtoto wa marehemu mwenyewe akamwambia, "Katibu, lete na siye tupate thawabu."

Jumamosi yake tukakutana kumvua ukatibu. Ofisi ya tawi ni chumba kimoja, ukutani bendera, madirisha hayana vioo. Mwenyekiti aliuliza kama Katibu alijua azimio la tawi. Akasema alilijua. Kama alilivunja kwa kusahau au kwa makusudi. Akasema, "Kwa makusudi kabisa." Aliulizwa ana neno la kujitetea. Akasema kujitetea hana haja, ila ile rai yake aliyoitoa kikao kilichopita anaileta tena kama pendekezo, ipigiwe kura, na ikikataliwa iandikwe kuwa imekataliwa.

Ikapigiwa kura. Wanaoipinga wanyooshe mikono. Alinitazama mimi. Hakutazama kwa kuomba, alinitazama vile alivyokuwa akitazama baiskeli iliyoletwa, kutafuta tatizo lilipo. Nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote, daftari langu magotini. Nilinyoosha mkono, mkono uleule wa kalamu.

Alitoa muhuri wa tawi mfukoni, umefungwa kwa kitambaa, akauweka mezani. Akatoa ufunguo. Akaniambia, "Mwandishi, andika," kisha akatoka akapanda baiskeli yake.

Nikaandika kwamba kikao kimemwondoa Katibu katika nafasi yake kwa kukiuka azimio la tawi, na kikafungwa kwa dua. Pendekezo lake sikuliandika. Mwenyekiti alisema halina haja na mimi nikaona vyema, kwa sababu kama ningeliandika ningelazimika kuandika pia nani alilipinga.

Nafasi yake walinipa mimi. Hapakuwa na mwengine aliyeitaka. Watu wakaanza kuniita Katibu, na kila mara nilikuwa nageuka nyuma kuangalia kama amekuja. Tawi likaendelea, kama kulala ni kuendelea. Vikaoni tulikuwa kumi na tano, tukawa tisa, tukawa wanne na mmoja wetu anakuja kwa ajili ya kivuli. Bendera ilichanika upande mmoja, na aliyekuwa akiipeleka kushonwa tulikuwa tumeshamfukuza. Mwenyekiti alihamia Unguja. Wanachama wetu wachache waliobaki wakawa wanazipeleka baiskeli zao kwa Katibu kwa kificho, jioni jioni, kama wanaiba, na yeye bado anawaambia kesho.

Nilimwendea mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa ya mwisho. Wilayani walikuwa wametaka kila tawi lilete mpango wake wa kujenga chama upya, kwa maandishi, na mimi nilikaa juu ya karatasi siku nne sina cha kuandika. Nikachukua daftari la vikao kama kisingizio, nikaenda.

Nilimkuta barazani kwake, asubuhi, amekaa juu ya mkeka. Mtoto wa jicho alikuwa amemkamata macho yote mawili. Mbele yake pakiti ya majani ya chai imekatwa juu, ndani punje za karafuu. Kibandani hakwendi tena.

"Sabalkheri, Katibu," nikasema.

"Katibu si weye?" akajibu, lakini akacheka, akasogea nikae. Akaniuliza mama hajambo. Akaniuliza mihogo.

Nikamwuliza hali. Akaniambia macho yamekwisha lakini miguu iko. Kila Ijumaa baada ya sala anavuka shamba la mihogo kwa fimbo, anasimama mlangoni kwa dada yake, anatoa salamu.

"Anafungua?"

"Hafungui. Lakini anaitikia. Miaka yote ile hakuitikia, sasa anaitikia. Nasikia sauti yake pale nyuma ya mlango, karibu kabisa, yenda kaweka mkono kwenye komeo. Mie namwambia haya dada, hadi Ijumaa."

Katibu alipofariki, miezi michache baadaye, huyo dada alikuwa wa kwanza kuingia nyumba ile, akakaa kwenye pembe na juzuu yake, akasoma mpaka jioni, hakusema na mtu. Na jeneza la Katibu halikutua chini. Nililiona kwa mbali kutoka dirishani, lilikwenda juu ya mikono, mbio mbio, wao wengi kuliko sisi, na mwenye duka mbele. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ninayoisema tulikuwa wawili tu barazani, na mimi nilikuwa na daftari magotini.

Akazisikia karatasi za daftari. "Umekuja na daftari."

"Nimekuja nalo."

"Lile pendekezo langu uliliandika?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa asubuhi nzuri, hapana mtu, na aliyeniuliza alikuwa mzee asiyeona. Nikasema, "Nililiandika."

"Nisomee."

Nikalifungua pale. Ukurasa ulikuwa na mistari yangu mitano ya kumwondoa na dua ya kufunga, basi. Akaingiza mkono katika pakiti, akatoa punje moja ya karafuu, akaitia mdomoni. Akainamisha kichwa kusikiliza.

Nikasoma. Nikasema, Katibu alisimama akasema tumeshindwa, na tulishindwa kwanza majumbani, kura ilikuja kutwambia tu. Akasema kila maiti wa mtaa huu, awe wetu awe wao, tumzike, na tusiende na fulana wala bendera, twende na majembe. Akasema kila aliyeondoka aendewe na aulizwe tumemkosea nini, na aliyeuliza asijibu, aende akakae na jawabu lake nyumbani. Akasema mgombea tusiletewe, tumtoe miongoni mwetu, awe mtu ambaye watu wanajua alipofiwa alilia vipi. Akasema gari la matangazo lisipite mtaa wowote kabla ya mtu kutangulia kwa miguu kuuliza kama kuna mgonjwa au msiba. Akasema itachukua miaka, na wengine wetu hatutaona, na chama ambacho hakiwezi kungoja hivyo kisiombe watu kura. Akasema...

Hapo nikaishia. Kulikuwa na neno moja zaidi, nililijua, lakini lilikuwa la dada yake na la njia panda, na sikuweza kulitoa.

Niliisikia karafuu ikivunjika. Alikaa vile, mdomo ameufunga, kwa muda ambao ningeweza kusema kila kitu kama ningekuwa mtu jasiri. Kisha akatema vipande kiganjani.

"Maneno yote hayo, Mwandishi," akasema, polepole, ulimi umekufa ganzi, "na hujafunua ukurasa hata mmoja."

Nililia. Nililia vibaya kuliko siku ya matokeo. Hakunikataza wala hakunibembeleza. Aliningoja nimalize, akapapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu wa kulia, akaugonga kidogo kwa kidole.

"Sasa liandike. Na walolipinga, waandike majina yao. Usiruke ntu."

Niliandika palepale barazani, mpaka kurasa tatu zikajaa, na yeye akiniambia mahali nilipokosea. Tulipofika kwenye majina, la kwanza niliandika langu.